Fimbo Zilirudi Zote

Monicah Wangui alikuwa amejiapia tangu asubuhi: leo nitasema. Tangu amzike mumewe Gicheru, mwaka na zaidi, hakuwa ametoka na akina mama wa kanisa. Sasa walikuwa wamekodi basi kutoka Mukurweini kwenda kutazama maporomoko ya Gathambi, na nyuma ya maji hayo kuna pango. Humo ndimo Gicheru alimozaliwa, siku za Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Mama yake alikimbilia humo na tumbo lake, akajificha na kitoto kichanga, maji yakifunika kilio. Gicheru hakumwambia mtu ila mkewe, na siri ya marehemu ni mzigo wa peke yako. Monicah alitaka mtu mmoja tu amsikilize.

Langoni, mwongozaji aitwaye Theuri, mwanamume wa makamo, alimpa kila mama fimbo kwa sababu ya utelezi. Zamani alikuwa akiwahesabu wageni kwa kidole, mpaka wazee wakamkaripia. Kwetu mtu hahesabiwi kama mbuzi. Ni kuita balaa.

"Siku hizi nahesabu fimbo," alisema. "Zikirudi zote, najua watu wako sawa."

Akina mama wakampigia makofi. Hekima ya namna hiyo hufaa sana, mpaka siku isipofaa.

Kwenye mteremko, Jeniffer, mwenyekiti wao, alisimama akihema. Fimbo moja haikumtosha.

"Mama Mwai, niazime yako. Hii goti itaniua."

Monicah akampa, akaona nafasi ndiyo hiyo. "Unajua Baba Mwai alizaliwa hapa chini?"

"Ati?" Maji yalikuwa yakinguruma. "Utaniambia huko juu, tukikunywa chai."

Pangoni Theuri alisimulia habari za wapiganaji, bunduki na usaliti. Mtoto hakutajwa, wala mama yake. Asiyekuwapo na lake halipo. Akina mama wakapigana picha, wakalalamikia baridi, wakaanza kupanda.

Monicah alibaki nyuma. Aliweka kiganja kwenye ukuta uliolowa.

"Baba Mwai, nimefika," alisema.

Hapo kilio kikamtoka, kilio cha sauti, ambacho hakuwa amekilia hata kaburini, maana huko watu walikuwa wakimwambia ajikaze. Alilia mpaka akachoka. Alipofuta uso, pangoni hakukuwa na mtu.

Alipanda peke yake akishika nyasi, akaanguka mara mbili. Alipofika juu, chai ilikuwa imeshanywewa na basi limeondoka, na simu yake ndani ya mkoba, na mkoba ndani ya basi.

Theuri aliruka kama aliyeona mzuka, akamwita kama amwitavyo nyanya yake. "Cucu! Umetoka wapi? Na fimbo zilirudi zote!"

"Yangu ilirudi na mwingine."

"Woi! Pole, Cucu. Keti hapa. Watarudi tu, hawawezi kufika mbali bila wewe."

Akaketi juu ya jiwe, sketi imejaa matope. Alijaribu kuwaza ni nani angegeuka kwenye kiti na kuuliza, Mama Mwai yuko wapi? Pengine jirani yake Watiri. Lakini Watiri hulala akishaingia garini. Akawapitia wote, jina kwa jina, na hakumwona hata mmoja akigeuka. Aliona uchungu, tena aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Saa nzima ilipita. Kisha honi ikalia barabarani, basi likaingia kwa kasi. Moyo wa Monicah ukampaa.

"Nilijua," alimwambia Theuri, ingawa hakuwa amejua. Akasimama, akapangusa sketi.

Jeniffer alishuka wa kwanza, goti na yote, akampita upesi akielekea nyuma ya kibanda cha kupikia.

"Sufuria ya kanisa!" alipiga kelele. "Ile kubwa! Tumehesabu vyombo pale barabarani tukaona hiyo haiko. Pasta angetumaliza!"

Aliinyanyua upande mmoja, ikamshinda. Akageuka, akamwona Monicah.

"Asante, Mama Mwai, kumbe umeshuka kunisaidia! Shika huko. Wale wengine wamekaa tu kama mabibi arusi."

Theuri alifungua kinywa. Monicah akamtikisia kichwa, akainama, akashika mkono wa sufuria.