Chupa Iliyokaa kwa Zamda

Miaka ile kila kijiji kilipokuwa kinajengewa shule, mume wangu Shomari aliranda mbao za madawati mpaka kifua kikamharibika. Ushirika wa maseremala pale Ng'ambo ulikuwa na kibanda kimoja, dirisha moja, na vumbi la mbao za mninga lisilokwisha. Alikohoa makohozi mazito yenye harufu, sindano zikachomwa wee, hazikusaidia. Mwisho daktari wa hospitali ya misheni akasema kama vumbi liliingia kwa pumzi, basi na dawa iingie kwa pumzi.

Dawa hiyo ilitiwa ndani ya chupa ndogo ya kioo yenye mdomo mrefu na mpira wa kubinya. Mgonjwa anaweka chupa kinywani, mtu mwingine anabinya mpira, dawa inatoka kama ukungu naye anaivuta. Sasa huyo mtu mwingine ndiye aliyenikosesha raha.

Shomari alikuwa na nyumba mbili. Mimi Batuli, mke mkubwa, nilikaa Gongoni. Mke mwenzangu Zamda alikaa Isevya. Siku ya kupelekwa hospitali ilikuwa zamu ya Zamda, kwa hiyo Zamda ndiye aliyefundishwa kubinya, na chupa ikaenda kukaa kwake. Ikawa hata siku zangu, siku zangu za haki kabisa, mwanamume anatoka kwangu asubuhi na jioni kwenda Isevya kubinyiwa dawa. Kifua kile nilikikanda mafuta mimi tangu Zamda bado anasukwa nywele na mama yake. Leo yeye ndiye anayekaa naye uso kwa uso, anahesabu pumzi zake, na mimi nakaa jikoni nachochea kuni.

Roho iliniuma, na siku hizo sikumficha mtu.

Akirudi kutoka huko macho mekundu, sauti imekauka, anakaa mkekani na kusogeza sahani kando. Nilimpikia wali wa mchele wa Nzega. Nilimpikia uyoga wa karanga, ule ambao zamani alikuwa anafuta sahani kwa kidole. Alikula tonge moja, akalitafuna muda mrefu kama anatafuna kitambaa, akasema mdomo mchungu. Nikamwambia mbona uchungu wenyewe unaanzia mlangoni kwangu. Nilipomuuliza kama ameshakula kule, alinyamaza kabisa.

Hakunyamaza kwa kiburi. Siku alipomwoa Zamda aliapa mbele ya shehe, nasi wote wawili tukisikia, kwamba habari za nyumba moja hazitafika nyumba nyingine. Kiapo hicho nilikitaka mimi. Sikupenda yule mtoto ajue nikigombana na mume wangu au nikikosa chumvi. Shomari ni mtu wa kushika neno, basi akalishika.

Akakonda. Suruali akawa anaifunga kwa kamba. Majirani walipouliza, niliwaambia waende Isevya wakaulize anayemlisha. Niliamini kabisa kwamba Zamda anamshibisha kwanza halafu ananirudishia mtu wa kulala tu. Nikaongeza samli kwenye mboga, nikabadilisha chungu, nikawatuma wanangu kwa shangazi yao ili nyumba iwe na utulivu. Wapi. Sahani ilirudi jikoni vile vile ilivyotoka.

Alasiri moja akarudi kutoka kazini na kusema dawa anaiacha. Ilimkausha koo, ilimbana kifua, na chakula chote kilikuwa na ladha ya misumari. Afadhali kikohozi, alisema, amekizoea. Kufurahi nilifurahi kweli, kwani safari za Isevya zimekwisha. Furaha yenyewe haikudumu. Siku chache baadaye alikohoa mpaka akashika ukuta, na kwenye kitambaa nikaona damu.

Nikajifunga khanga nikaenda Isevya mchana kweupe, kumwambia Zamda amwondolee mume wangu kile alichomtilia kwenye chakula.

Nilimkuta uani anawamwagia kuku ugali na mlenda. Sufuria zima. Kuku wenyewe walikuwa wanene, wanatembea kwa uvivu. Aliponiona akapiga goti akasema shikamoo. Sikuitikia, nilikuwa naangalia lile sufuria.

"Ni la tangu juzi, dada," akasema. "Hajaligusa. Nilijua anashiba kwako. Nikasema bi mkubwa ndiye anayejua kupika, mimi najisumbua bure."

Kwanza nilifurahi. Nisiseme uongo, moyo wangu uliruka kwa furaha kwamba hata huku hali. Halafu nikaona ninachokifurahia ni nini. Kwangu hali, kwake hali. Basi mtu huyu alikuwa hali popote.

Tulichukua chupa tukaenda hospitali sisi wawili tu. Muuguzi Imakulata akamwambia Zamda aonyeshe anavyobinya. Zamda akabinya mbio mbio, kwa mikono miwili. Alipoulizwa haraka ya nini, alijibu akiangalia chini kwamba siku za zamu yangu alitaka mume awahi kurudi kwangu nisije nikanuna. Muuguzi akatikisa kichwa. Alimkumbusha mambo aliyomweleza siku ile ya kwanza, na Zamda akakiri kwamba siku ile alikuwa anamwangalia mgonjwa anavyokohoa, akashika la kubinya tu. Mgonjwa ale kwanza, tumbo litulie. Akae wima. Mpira ubinywe polepole, na akibanwa kifua apumzishwe. Akimaliza asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, aoshe na ulimi, ateme, asibakize dawa kinywani. Mabaka meupe niliyomweleza kwamba Shomari anayo ulimini, alisema yameletwa na dawa iliyobaki humo, nayo yapakwe dawa ya zambarau. Kisha akanipa mpira nami nijaribu, akasema chupa imfuate mgonjwa nyumba anayolala.

Usiku huo ulikuwa wa Zamda. Tulipofika njia panda ya Gongoni alitoa chupa kwenye kitambaa akanikabidhi.

"Mchukue leo, dada," akasema. "Cha kwako ndicho alichokizoea. Akianza kula kwako ataweza."

Nilitaka kukataa. Kuibiwa zamu ningejua la kufanya, lakini kupewa sikuwahi kupewa, tena na yeye. Nikaichukua nikaenda zangu.

Nilimpitia Shomari kibandani, na jua likiwa bado halijazama alikula ugali na kisamvu, kidogo kidogo, mpaka mwisho. Akapumzika, nikambinyia dawa taratibu kama nilivyofundishwa. Alikohoa mara mbili tatu, nikasubiri, tukaendelea. Akasukutua uani, akatema, akarudi kukaa karibu yangu.

"Chakula chako kina ladha leo, Batuli," akasema kwa sauti ile iliyokauka.

Maneno hayo niliyangoja msimu mzima. Kisha akatazama upande wa Isevya, na yeye ambaye tangu aoe hakuwahi kulitaja jina hilo ndani ya nyumba yangu, akaniuliza:

"Zamda anakula na nani?"

Nikamwambia anakula peke yake. Swali lile liliniuma kuliko sahani zote alizonirudishia, maana safari hii sikuwa na wa kumlaumu.