Mechi Tisa za Mazoezi

Kocha wa timu ya taifa ya kriketi ya wanawake aliitwa Hajapigwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, kisha akangoja watu walizoee. Miaka minane, vikombe vitano, mechi arobaini na tatu bila kushindwa hata moja. Magazeti yalimvika kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho mchana kweupe.

Mwandishi wa alama, dada mpole aliyekaa kwenye kimeza cha pembeni ya uwanja na penseli zake mbili, aliijua siri ya rekodi hiyo. Kanuni zilimruhusu kocha kutangaza mechi kuwa ya mazoezi, na mechi ya mazoezi haihesabiki. Hazikusema atangaze lini. Basi kila timu ilipochapwa, Hajapigwa alikuja kimezani, kofia kisogoni, akasema kama anayeagiza chai, "Haya yalikuwa mazoezi, dada. Piga muhuri." Muhuri ukapigwa. Mara tisa.

Ile ya tisa ndiyo iliyomuuma dada mwenyewe. Siku hiyo mdogo wake, mrushaji wa timu, aliangusha wiketi saba peke yake, yaani aliwatoa wapigaji saba wa wapinzani, na hakuna mwanamke wa nchi ile aliyewahi kufika hapo. Kisha wapigaji wa timu yake mwenyewe wakatolewa wote kwa mikimbio kumi na tisa, aibu ya kufungia mwaka, na zile wiketi saba zikafutika pamoja na mechi. Sasa klabu ya nje ilimtaka mdogo mtu, mradi karatasi rasmi ya wiketi hizo iwafikie kabla ya Ijumaa.

"Si uliziona kwa macho yako, dada?" mdogo alimuuliza.

Aliziona. Ulimi wa kumwambia kocha ndio aliokosa.

Jumatano kocha akajileta mwenyewe ofisini, chumba cha kabati la chuma lisilofungika na feni inayozunguka kwa manung'uniko. Nchi moja kubwa ilitafuta kocha. Mkononi alikuwa na barua yao.

"Wanataka mechi rasmi hamsini. Mimi ninazo ngapi?"

"Arobaini na tatu, mwalimu."

"Acha utani. Nimeota mvi uwanjani."

"Nyingine tisa ni mazoezi."

Kocha akajikuna shingo. "Zirudishe. Andika mvua ilikatiza."

"Zote tisa?"

"Mvua hunyesha, dada."

"Barua inasema zilizochezwa hadi mwisho." Akaugusa mstari huo kwa penseli. "Na mwisho wake tunaujua."

Hajapigwa akavuta kiti, akafunua madaftari, akaanza kuchagua vipigo vyake kama mtu anayechagua nyanya sokoni: hiki kina nafuu, hiki kinavumilika. Akafikisha saba.

"Hizi zinatosha. Hizo mbili ziache zilale, hasa ile ya kumi na tisa. Wakiiona hiyo watanicheka."

Miaka minane dada alimwogopa mtu huyu, kumbe alikuwa akiogopa kofia.

"Nafuta muhuri wa zote tisa," alisema, "au sifuti hata mmoja."

"Unanitishia mimi?"

"Hapana, mwalimu. Naandika alama."

Kocha akaitazama barua. Akatia sahihi mara tisa, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia.

Karatasi ya wiketi saba iliondoka Alhamisi asubuhi. Kazi ya nje kocha akaipata pia, maana watu wa huko walisema wanapenda mtu aliyeonja kushindwa. Kwenye hafla ya kumuaga alishika kipaza sauti, akaweka mkono kifuani, akaeleza jinsi vipigo tisa vilivyomfunza unyenyekevu. Mwandishi wa habari akauliza ni kipi kilichomfunza zaidi.

"Kile cha mikimbio kumi na tisa," alijibu bila kupepesa macho. "Siku ile ndipo nilipomfundisha yule binti kurusha."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Dada, mstari wa nyuma, aliiacha mikono yake mapajani.