Kuku Thelathini na Mmoja wa Juu

Siku ya kumi baada ya chanjo, Mama Pacha aliingia bandani na ndoo ya maji akakuta kuku thelathini na mmoja wameelea hewani, usawa wa kiuno. Wengine, mia moja sitini na tisa, walikuwa chini wakiparua kama kawaida. Aliwatundikia walio juu vyombo vya maji kwa waya, kisha akaongeza maranda ya mbao sakafuni, maana mayai yao yalidondoka na kupasuka.

Mumewe alichungulia, akasema angalau hao hawatachafua miguu. Mama Pacha hakucheka. Alikwisha kuwatambua: wote ni wa chumba cha kwanza, waliotiwa tone jichoni kabla bwana mifugo aliyekuwa akiwachanja hajapigiwa simu. Mazungumzo yale yalikula saa nzima, kichupa cha chanjo kikiwa juani. Alipouliza habari ya barafu ya kukipoza, aliambiwa asimfundishe mtu kazi. Na sasa kideri, ugonjwa ule unaowapinda kuku shingo, ulikuwa umeshaingia kwa jirani, nyuma ya ukuta.

Alimpigia bwana mifugo kumwomba arudi awachanje walio chini.

"Mama, karatasi yangu inasema mia mbili," alijibu. "Kuku aliyechanjwa nitamchanjaje tena?"

 Kwa siku nne, kila mara aliacha sufuria jikoni akaenda kutazama kama kuna mwingine aliyenyanyuka, hata kidole kimoja. Tetea mwekundu, kipenzi chake, alimwinua kwa mikono miwili hadi kiunoni, akamwachia polepole. Tetea alipiga mbawa akaanguka.

Siku ya tano shingo ya tetea huyo ilipinda. Wiki haikuisha, wa chini wote wakawa wamekwisha, na Mama Pacha na mumewe wakachimba shimo kwa zamu. Wa juu hawakupiga hata chafya.

Bwana mifugo alikuja kukagua, akipita katikati yao na kuwasogeza kwa faili.

"Waliopo ni thelathini na mmoja?"

"Ndiyo, daktari."

"Na wote wazima. Basi chanjo imekinga kwa asilimia mia."

Mama Pacha alimwambia kuhusu wale mia moja sitini na tisa. Alijibiwa, kwa upole kabisa, kwamba fomu ina nafasi ya kuku waliopo tu. Akapewa kalamu.

Vifaranga wapya walikuwa waje Jumatatu, na hapakuwa na mchanjaji mwingine. Alitia sahihi.