Mfungo wa Damaris

Kwaresima ikianza, Bonareri, mama yake Duke, hufunga, na soko zima la Suna hupata habari. Hajigambi, la. Hushusha pumzi tu kwa sauti mama wa chai anapopita. Mwaka huu padri aliongeza kazi: kila mmoja amtafute mhitaji mwenyewe na amsaidie kabla ya Pasaka. Bonareri alikwenda hadi Rangwe kwa shangazi yake, akakuta wenye shida wote wameshapata wafadhili wa jumuiya ya huko. Aliulizia mpaka Lambwe. Pasaka ikakaribia, naye hajampata mtu.

Faraja yake ilikuwa Damaris, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa meza ya pili, aliyehamia hapo kutoka Homa Bay. Tangu mvua ilipoozesha omena zake nyingi, Damaris naye alikuwa hali mchana. Chakula kikipita, anageuza uso. Bonareri alifurahi kupata mwenzake wa kufunga, akawa anamsifu mbele ya watu. Damaris alitabasamu tu, akaendelea kupanga omena zilizobaki.

Ijumaa moja Bonareri alimwambia Jacktone, fundi wa viatu, kwamba yule mama anafunga kuwashinda Wakatoliki. Jacktone aliweka sindano chini.

“Mama Duke, Damaris ni Msabato. Hao hawana Kwaresima.”

Bonareri alilijua hilo. Kila Jumamosi Damaris huenda kanisani, na ni yeye Bonareri anayemlindia meza. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Bonareri alikuwa na njaa na bado hakumjua. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alinunua sahani ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, yakitoka mvuke, akaiweka mbele ya Damaris. Damaris akakiri kwamba kidogo anachopata anawaachia watoto. Kisha akaisukuma sahani katikati ya meza.

“Nyamera, dada yangu, siwezi kula wewe ukiniangalia. Kama ni sadaka, rudisha. Kama ni chakula, kaa tukule.”

Tangu aolewe, Bonareri hakuwahi kuvunja mfungo wa Ijumaa. Alivuta kigoda, akanawa mikono, akachota. Walikula sahani moja, mchana kweupe, huku wakipanga jinsi Damaris atakavyonunua omena nyingine. Bonareri alikuwa na raha ambayo hakuipata Kwaresima yote, na alipoulizwa na wanajumuiya waliopita kama ameshaacha kufunga, alijibu ndiyo, akaendelea kula.