Umeme wa Trikoti

Waasi walipoondoka Butembo, mashariki mwa Kongo, vyombo vyote vya sayansi vya shule yetu vilikuwa vimeondoka pia, sijui na nani. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kuingia darasa la sayansi pamoja na wavulana. Inspekta Gérard, mtu wa Kasai aliyekaa Beni, alikuwa ameshatangaza kwamba wasichana wote tutapelekwa kushona, isipokuwa atakayemwonyesha kwa macho yake kwamba sayansi anaiweza.

Mwalimu Antoinette alinichagua mimi, Germaine. Chombo changu kilikuwa kalamu ya bic. Unaisugua kwenye nywele, inapata chaji ya umeme, kisha inanyanyua vipande vya karatasi. Nyumbani ilininyanyulia kila siku!

Siku yenyewe, mama alinishika alfajiri. Nimpokee mgeni wa serikali na kichwa kikavu? Aibu gani hiyo! Akanipaka mafuta ya nywele mpaka yakanitiririka shingoni.

Mbele ya darasa nikasugua. Nikasugua tena. Karatasi zimelala tu.

"Courant ya umeme iko wapi, mama?" inspekta akanicheka. "Banamuke bajifunze kushona, njo muzuri."

Hasira ikanipanda. Nikaitazama kalamu, inang'aa. Mafuta! Mafuta ya mama ndiyo yaliyoniharibia! Inspekta alikuwa amevaa trikoti, sweta nzito ya sufu, maana baridi ya Butembo haiheshimu cheo, na bic yake ameichomeka mfukoni.

"Monsieur l'inspecteur, munipatie bic yenu. Na mukono, nisugue ku trikoti."

Mwalimu Antoinette akafumba macho. Inspekta akanipa bic, akanyoosha mkono, nadhani kwa mshangao tu. Nikasugua kwa nguvu zangu zote, nikashusha kalamu mezani. Karatasi zikaruka! Zikanasa! Darasa zima likapiga kelele.

"Mais, hii moja imeruka, imeenda mbali. Juu ya nini?" inspekta akauliza sababu.

"Imegusa bic, imepata chaji sawa na yake. Donc zinasukumana."

Akaninyang'anya kalamu, akasugua mwenyewe, akacheka peke yake.

"Wewe, utaingia sayansi," akasema.

Mimi peke yangu? Nikawageukia wasichana wenzangu. Lakini walikuwa wameshanyanyuka, kila mmoja na bic yake, wakimzunguka na kugombea mkono ule mwingine wa trikoti.

"Bote!" inspekta akapiga kelele. "Banamuke bote baingie, mais muniachie mukono!"