Mkia wa Bjørnøya

Upepo wa kaskazini ukivuma, kisiwa cha Bjørnøya, mbali kaskazini mwa Norwei, huota mkia. Mawingu hugonga mlima wake, hupasuka, kisha upande wa pili hutoka yakijisokota, duara baada ya duara. Kwenye picha za setilaiti, sisi watabiri wa hali ya hewa wa Tromsø tumeuona mkia huo mara nyingi mno hata tumeuzoea kama ukuta wa ofisi. Hapo ndipo nilipoponzwa.

Ilikuwa mwezi wa tatu, saa kumi na nusu alfajiri. Mwenzangu wa zamu, Aslaug, aliweka kidole kwenye skrini, kusini kidogo ya kisiwa.

"Bibie, hebu njoo. Hili duara silipendi."

"Mkia huo."

"Maduara ya mkia huja mawili mawili. Moja linazunguka kushoto, jingine kulia. Mwenzake yuko wapi?"

"Aslaug, kiti hiki nimekikalia miaka ishirini na miwili. Kunywa kahawa yako."

Akanywa. Kompyuta nayo ilisema upepo wa kawaida, basi nami nikaandika upepo wa kawaida.

Saa kumi na moja simu ikalia, kama kila siku ya msimu wa uvuvi. Mdogo wangu Eilert huvua peke yake, na boti yake haiachi gati la Sørvær, kijiji chetu cha pwani, kabla hajaniuliza.

"Mtabiri mkuu! Nitoke, nisitoke?"

"Toka."

"Nisije nikarudi nimelowa hadi chupi?"

"Toka bwana, usinichoshe. Bahari iko sawa."

"Haya, umesema wewe." Akacheka, akakata.

Setilaiti zetu hazikai juu ya vichwa vyetu. Hupita tu, na kati ya moja na nyingine tunakuwa vipofu. Iliyofuata ilipita mashariki mno, kisiwa kikabaki nje ya picha, nami sikujali. Picha ya saa tatu kasoro dakika kumi ndiyo iliyoniinua kitini. Lile duara lilikuwa limekiacha kisiwa kilomita mia moja na zaidi nyuma yake. Lilikuwa limenenepa, na katikati lilikuwa na shimo jeusi la mviringo. Mkia haumwachi ng'ombe ukaenda zake. Kile kilikuwa kimbunga cha baridi, cha aina ile inayozaliwa na kukua kwa saa chache tu bila kompyuta kuwa na habari, na kilikuwa kinaelekea Sørvær.

Aslaug hakusema "si nilikwambia." Alipima tu kwa rula.

"Upepo wake utafika saa sita na nusu hivi. Eilert yuko umbali gani?"

"Maili ishirini na tano. Kurudi kunamchukua muda wa saa tatu, na zaidi kidogo mawimbi yakiwa mabaya."

"Picha nyingine inakuja saa nne na nusu."

Kwetu picha moja ni tetesi, ya pili ndiyo ushahidi. Ukitangaza kimbunga kisitokee, wavuvi wanakucheka hadi msimu ujao, na siku kinapokuja kweli hawakusikilizi. Lakini nikingoja ushahidi, Eilert angekutana nacho katikati ya bahari. Niliogopa. Nilimwogopea yeye, niliiogopa na aibu, na nasema kweli, kwa dakika nzima hofu hizo mbili zilikuwa na uzito mmoja. Sijajisamehe dakika ile.

Aslaug akaanza kuandika onyo. Mimi nikaomba redio ya pwani iniunganishe.

"Eilert, rudi. Sasa hivi."

"Nirudi? Nimetupa kamba, dada. Ndoano elfu mbili! Kuzivuta tu kunachukua saa tatu."

"Ziache."

"Jua linawaka huku! Maji yametulia kama supu kwenye sahani. Umeamka vibaya?"

"Kata kamba, Eilert."

Nikasikia injini yake ikinguruma bila kwenda popote.

"Alfajiri ulisema toka, sasa unasema rudi. Nimsikilize dada yupi?"

Redio ya pwani haina siri. Kila boti iliyokuwa baharini ilikuwa inasikiliza.

"Huyu wa sasa," nikasema. "Yule wa alfajiri alikuwa mjinga. Kimbunga kinakuja. Aslaug alikiona, mimi nikamnyamazisha."

Nikasikia kisu kikichomolewa.

"Haya," akasema. "Nakata."

Picha ya saa nne na nusu ilipofika sikuhitaji kuikaribia. Kimbunga kilikuwa kinaonekana kwenye skrini hata kutoka mlangoni. Boti tisa zilikuwa zimegeuka kurudi pwani, na nane zikaripoti kufika. Saa sita na dakika ishirini, kipimo cha upepo cha Sørvær kiliruka kutoka mita nne kwa sekunde hadi ishirini na nane. Kamera ya bandari ikawa nyeupe kwa theluji. Redio ilimwita Eilert mara moja, mbili, tano. Aslaug alinishika mkono, nami nikaukumbatia kama mtoto. Nilikuwa nahesabu maili alizobakiza, na kila nilipohesabu nilipata jibu tofauti.

Saa saba na dakika tano simu yangu ikalia. Kwanza nilisikia meno yakigongana.

"Nimelowa hadi chupi," akasema Eilert.

Nikalia mbele ya ofisi nzima. Aslaug alinipokonya simu akamwambia aende akaoge maji ya moto.

Siku mbili baadaye bahari ilitulia. Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia. Hakuniita mtabiri mkuu.

"Nitoke, nisitoke?"

Kwenye skrini upepo ulikuwa wa kaskazini, na kisiwa kilikuwa kimeota mkia, maduara sita yaliyopangika vizuri, mawili mawili. Niliyahesabu, nikayahesabu tena. Nilikuwa na uhakika.

"Subiri kwanza," nikamwambia, nikageuza kiti. "Aslaug! Njoo uangalie na wewe."