Miaka ya Msiba Isihesabiwe

Nchi ya Tamadari ilikuwa kilima na bonde, basi: kilimani, nyuma ya ukuta wa mawe meupe, waliishi Wangavu pamoja na visima vyote vya maji matamu, na bondeni, katika vumbi lililokaa hata kwenye kope za watoto, waliishi wengine wote, wakipewa maji siku moja kwa wiki na kutakiwa kushukuru siku zote saba. Wangavu hawakumwamini mtu. Waliwashuku wapishi wao, wakawashuku walinzi, na mwishowe hata lango la ukuta wakaikabidhi kompyuta, iliyomtambua mfalme kwa tarehe yake ya kutawazwa, kwa kuwa kompyuta, walisema, haina shemeji bondeni. Lakini kitu kimoja hakikuwapa usingizi, nacho ni kiapo cha Ngavu wa Kwanza, kilichochongwa kwenye jiwe la njia panda: ukoo wake utatawala miaka elfu moja, kisha visima virudi kwa watu wote.

Je, miaka elfu imetimia? Kazi ya kujibu ilimwangukia Mwatima, mtunga programu wa Jumba la Majira. Aliyekalia kiti kile kabla yake, Bwana Mkude, alipata jibu asubuhi moja, akalipeleka kilimani, na mpaka leo mkewe anaulizia. Mwatima alijua hayo, na kila alipobonyeza kitufe alitazama mlango.

Tarehe za kale zilifuata mwezi mwandamo na za sasa zilifuata jua, kwa hiyo programu yake iligeuza kila tarehe kuwa hesabu ya siku tupu, ikatoa ya kiapo kwenye ya leo. Alirudia mara nne, akiomba awe amekosea. Hakukosea.

"Zimebaki siku ishirini na saba, Mheshimiwa," alimwambia Makumbi, Waziri wa Majira, mtu aliyenusa chai mara tatu kabla ya kuinywa.

Waziri hakupandisha sauti. "Una watoto, mama?"

"Wawili."

"Basi hesabu vizuri. Mfalme akifa, mrithi hukaa msibani mwaka mzima. Analia, hatawali. Wamekufa wafalme thelathini na watatu. Miaka hiyo itoe."

Mwatima aliona kasoro katika amri hiyo. Kulisema aliogopa, kulinyamazia aliogopa zaidi.

"Niitoe kwenye hesabu hii tu, au kila mahali?"

Waziri alimtazama kwa jicho la pembeni. Anayeuliza hivyo, aliwaza, anatafuta pa kuficha mwaka mmoja wa kuja kutuumbua nao. "Kila mahali! Kwenye orodha ya wafalme, langoni, kila mahali. Nikikuta hata siku moja ya msiba imejibanza, utamfuata Mkude."

"Naomba amri hiyo kwa maandishi."

Akaandikiwa, muhuri wa mfalme ukapigwa, na usiku huo Mwatima akaitoa miaka hiyo kila mahali.

Kesho yake mchana Ngavu wa Thelathini na Nne alishuka bondeni na msafara wake, Makumbi na Mwatima wakiwa miongoni mwao, kutangaza kwamba sayansi imempa miaka mingine thelathini na mitatu. Watu walipiga makofi ya kuonekana. Aliporudi, jasho likimchuruzika chini ya taji, lango halikufunguka. Kioo cha lango kiliandika: *Tarehe ya kutawazwa haipo.*

Kwani kwa desturi ya Wangavu mrithi alitawazwa siku ile ile ya mazishi, msiba ukiwa mbichi. Kati ya wafalme wote, aliyebaki na siku yake ni yule asiyemrithi mtu. Maandishi mengine yakatokea: *Mtawala wa sasa: Ngavu wa Kwanza. Subiri kibali chake.*

"Rekebisha!" Makumbi alimgeukia Mwatima.

Mwatima alitoa karatasi yenye muhuri. "Niliagizwa kila mahali, Mheshimiwa. Kubadili kunataka idhini ya mfalme, na mashine haimtambui."

"Mkamateni!" alifoka Ngavu.

Mkuu wa walinzi, mtu aliyezoea kutii kabla amri haijamalizika, alipiga hatua moja, akasimama. Alisoma kioo. Akageuka kutazama bondeni, ambako watu walikuwa wameacha kupiga makofi na wameanza kupanda, taratibu, bila kelele. Kisha akauliza, kwa adabu zake zote:

"Kwa amri ya mfalme yupi?"

Kama ilikuwa jeuri au utaratibu wa kazi, Mwatima hakuweza kujua. Alichojua ni kwamba hakuna mkono uliomgusa.